Beseni la Mama Husna

Siku hizi, baada ya sala ya alasiri, uani kwa Bi Asha pale Ufukoni hapasikiki kitu. Si kwamba watu wamehama. Wapangaji wapo, kuku wapo, redio ya Agnes ipo na inaimba. Kinachokosekana ni sauti ndogo mno, ambayo mgeni asingejua kama iliwahi kuwapo: mkwaruzo wa msasa juu ya ukucha, ukikatika, ukianza tena, kama panya mwenye adabu anayetafuna kitu huku akipumzika. Rehema aliizoea sauti ile kuliko alivyojua. Sasa akikaa kizingitini kwake kuchambua mchele, sikio humtoka lenyewe likaenda mpaka kwenye chumba cha pembeni, likakuta mlango una kufuli, likarudi.

"Mwenye kelele akiondoka, watu wanapumzika," humwambia Agnes. "Yule alikuwa kimya. Basi mbona nyumba imepwaya?"

Agnes, mwalimu kutoka Songea, huinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi wake, akayarudisha. Anajua kuwa swali la Rehema haliulizwi ili lijibiwe.

Rehema alizaliwa na maswali. Majirani husema siku akiingia kaburini, malaika watakaokuja kumhoji watajikuta wanahojiwa wao. Ni Mmakua wa Masasi aliyeletwa mjini na ndoa, akabaki baada ya ndoa kwisha. Asubuhi huchemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, na kuiuza barabarani. Saa zinazobaki ni za kutazama watu. Hakuwa mmbea. Mmbea hutaka kusema. Rehema alitaka kujua, na akishajua, mara nyingi alikifunika kile alichokijua kama mtu anayefunika chungu cha chumvi, kisiingie unyevu.

Mwenye chumba cha pembeni alikuwa Somoe, ambaye ua mzima ulimwita Mama Husna. Alikuwa Mmakonde wa mwambao, mrefu, wa makamo, mwenye kusema kidogo na kusikiliza sana. Alihamia pale baada ya kuachwa na mume wake wa pili. Alikuja na godoro, sufuria mbili, na simu ndogo ya vitufe aliyoifunga kwenye pindo la kanga kama hirizi. Kazi yake ilikuwa kubangua korosho, pamoja na wanawake wengine, kwenye banda moja lililo nyuma ya soko.

Korosho ina choyo. Kati ya ganda na kokwa imeficha mafuta meusi yanayounguza, na anayeivunja kwa mkono huiachia ngozi yake. Wanawake wa banda lile walijipaka majivu, wakajipaka mafuta ya nazi, wengine wakavaa mifuko ya nailoni. Mafuta ya korosho yakapita kote humo. Viganja vya Somoe vilikuwa vyeusi kama sehemu ya chini ya chungu, vidole vikibanduka ngozi vipande vipande, kucha zikiwa na rangi ya chai iliyolala na ncha zilizopasuka. Alipokula na watu alivikunja vidole ndani, akamega tonge kwa siri. Rehema aliliona hilo siku ya kwanza.

Kisha, mwezi wa Rajabu, Somoe akaacha kwenda bandani. Akanunua beseni la bluu. Kila alasiri, akiisha kusali, alitia maji vuguvugu na chumvi kidogo, akatumbukiza mikono yote miwili, akakaa ameyainamia maji yale bila kusema na mtu.

Rehema alivumilia kadiri alivyoweza, na hakuweza sana.

"Mama Husna."

"Abee."

"Unapika mikono?"

Somoe akacheka kwa pua. "Nailainisha."

"Unamlainishia nani? Tuambie, shoga, tuanze kukoroga ubani."

"Namlainishia mashine."

Hapo Rehema akaweka ungo chini, akavuta kigoda, na Somoe, ambaye labda alikuwa amechoka kulibeba jambo lile peke yake, akamweleza.

Laini ya simu yake haikuwa yake. Ilisajiliwa kwa jina la Faraji, mume aliyemwacha, zamani walipokuwa bado wanalala chumba kimoja. Na nani angefikiri siku ile kwamba namba nayo huja ikahitaji talaka yake? Faraji, fundi wa mashine za boti kule Msimbati, alikuwa ameoa tena. Mke mpya aliitwa Rukia, na alikuwa amegundua kwamba kuna mwanamke mjini anayezungumza kwa laini yenye jina la mumewe. Hakutaka maelezo. Faraji, mtu asiyependa ugomvi, akamwambia Somoe waende kwa wakala wakahamishe umiliki, laini iwe ya Somoe kwa jina na kwa kidole. Ikishindikana, ataifunga.

Na namba ile ndiyo pekee ambayo Husna aliijua kwa moyo. Husna, binti wa mume wa kwanza, marehemu, alikuwa Maskati kwenye kazi za nyumbani. Simu yake mwenyewe ilikaa kabatini kwa tajiri wake. Alipiga kwa simu ya kuazima, na huweza kupita miezi asiipate. Somoe hakuwa na pa kumpigia. Laini ikifungwa, mtoto atapiga, ataambiwa namba haipatikani, na mama na mwana watakuwa wamepotezana.

"Sasa si mngehamisha?" akauliza Rehema.

"Tulikwenda. Kitambulisho ninacho, nilikichukua kabla sijaijua korosho. Nikaweka kidole. Mashine ikatazama, ikasema mimi si mimi."

"Ikasemaje?"

"Ilikataa. Tukajaribu kidole hiki, tukajaribu hiki, vyote kumi. Kassimu wakala akasema, mama, si kwamba wewe si wewe, ila vidole vyako havina cha kusomwa. Akaniambia ngozi huota tena. Niachane na korosho, nivilee vidole kama mtoto mchanga, nirudi. Faraji kanipa mpaka Idi pili, atakuja mjini kwa dada yake."

Rehema akaukamata mkono wa Somoe, akaugeuza kwenye mwanga. Kisha akatazama kidole gumba chake mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu azaliwe. Ilikuwepo mistari, myembamba, iliyojikunja kama mchanga wa pwani maji yakishatoka. Cha Somoe kilikuwa kitupu, laini, kikiwaka kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika.

"Laini iandikwe kwa jina langu," akasema Rehema.

"Faraji hamkabidhi mtu asiyemjua. Na hata angekubali, Rehema, nimeshakaa ndani ya jina la mtu. Nimeiona baridi yake."

Tangu siku ile kazi ya beseni ikawa ya wawili. Somoe alijua machache aliyoyaona kwa bibi yake, Agnes akamwonyesha mengine kwenye simu yake kubwa, na mengi aliyapata kwa kukosea. Kwanza alikata kucha kabla ya kuziloweka, zikavunjika kama kaukau za viazi. Akajua maji hutangulia. Akasugua msasa huku na huku kama fundi seremala, ncha zikachanika. Akajifunza kuuvuta upande mmoja tu, kutoka pembeni kuja katikati, akiuinua kila mara. Kile kijinyama kinachopanda juu ya shina la ukucha alikikata siku moja kwa wembe, kidole kikavimba kikamnyima usingizi. Baada ya hapo alikisukuma taratibu kwa kijiti cha ukuti kilichochongwa butu, mkono ukiwa bado na unyevu wa maji, na hakukikata tena. Sukari na mafuta ya nazi vilitoa ngozi iliyokufa. Ndimu aliiacha, ilimchoma. Kulala, alilala na mikono iliyopakwa mafuta na kuvishwa soksi kuukuu.

"Ukifumwa hivyo na mwizi," Rehema alimwambia, "atakimbia mwenyewe. Atadhani umemtangulia kazini."

Na kila asubuhi, kabla ya ming'oko kuingia sufuriani, Rehema aligonga mlango wa pembeni. "Lete tuone." Walisimama mlangoni, vichwa vimegusana, wakitafuta mstari. Kwanza hawakuona kitu. Kisha ngozi nyeusi ikaanza kuachia, chini yake ikatokea nyingine, nyekundu, changa, isiyo na habari. Kisha, Shabani ikiwa katikati, Rehema akapiga kigelegele kilichomtoa Bi Asha chumbani.

"Kidole cha shahada kimeota!"

"Kimeota nini?" akauliza Bi Asha, mwenye nyumba.

"Mistari! Njoo uone. Hii hapa."

Bi Asha akatazama, akasema yeye kwa macho yake haoni ila kidole, ila alhamdulillahi.

Jambo ambalo halikutarajiwa na mtu ni kwamba wanawake wa ua, na wa nyua za jirani, hawakuitazama mistari. Walizitazama kucha. Kucha za Somoe zilikuwa zimepona, zikaonekana jinsi zilivyokuwa chini ya korosho miaka yote ile: ndefu kiasi, za umbo la mbegu ya boga, zenye mwezi mweupe shinani. Wakaanza kuja na mikono yao. Mmoja alikuja na ukucha uliobanwa na mlango, mwingine na kucha zilizoota ndani, Agnes akaja na chupa yake ya rangi nyekundu akitaka ikae wiki nzima bila kubanduka kwa chaki. Somoe hakumwambia mtu kwamba anafungua kazi. Beseni tu lilijikuta halikauki.

Rehema alikaa kando na ungo wake, akijifunza mambo mapya ya dunia. Aligundua kwamba mtu akikupa mkono wake ukauweka kwenye taulo, hawezi tena kukudanganya sana. Vidole humtangulia kusema. Waliokuwa na hasira walivikaza. Waliokuwa na huzuni walivisahau. Na aligundua jambo jingine, la wanawake wa Kiislamu: rangi ya kucha huzuia maji ya udhu yasifike, kwa hiyo wengi waliitaka rangi siku zile tu ambazo hawasali, na zikiisha wakarudi kuitoa kwa asetoni. Latifa, aliyeolewa karibuni nyumba ya tatu, alipopita uani na kucha za zambarau, Bi Asha alimwita kwa sauti, "Hongera mwali, naona uko likizo!" na Latifa akavikunja vidole akakimbia.

Kisha, Ramadhani ikiwa katikati, siku zake zikapita Latifa asije kutaka rangi.

"Mama Husna," akasema Rehema siku moja, macho yakiwaka. "Latifa ana mimba."

"Nani kakwambia?"

"Mahudhurio."

"Mikono ya watu haisemwi," akasema Somoe, akiendelea kusafisha msasa wake kwa mswaki mkuukuu. Lakini alitabasamu, na Rehema akajua kwamba mwenzake alilijua hilo zamani.

Ramadhani ikaenda, ikaisha. Vidole sita vikawa na mistari, kisha vinane. Simu ililia mara chache mwezi ule, Somoe aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza, akasema, "Husna?" na upande wa pili pakawa kimya, simu ikakatika. Alisema mtandao wa huko ni mbaya. Aliufurahia hata ubaya huo. Ulimwonyesha kwamba mtoto yu hai na anajaribu.

Mkesha wa Idi, tangu adhuhuri, ua wa Bi Asha ulikuwa kama kisima. Wanawake walijaa mikekani. Somoe alikata, akavuta msasa, akasukuma vijinyama, akapaka mafuta. Aliyetoka kwake alihamia kwa Rehema, ambaye ndiye mkoroga hina wa mtaa, anayeikanda kwa maji ya chai na kuifunika tangu usiku uliopita. Hewa yote ilinuka majani yale mabichi. Jua lilipokwenda upande, mikono yote ilikuwa imepakwa isipokuwa ya mtu mmoja.

"Na wewe?" akasema Rehema.

"Niache mimi. Nimechoka."

"Nikuache uende kesho kutwa mbele ya Faraji umepauka? Akamwambie mkewe amekukuta mikono mitupu kama mtu wa eda? Haiwezekani. Mkono mtupu haulambwi."

"Nani kakwambia nataka kulambwa?" akasema Somoe, na mikeka yote ikaangua kicheko.

"Mpake, mpake!" wakasema. "Katutengeneza sote."

Wakamshika. Somoe, ambaye hakuwa amepakwa hina na mtu tangu harusi yake, aliona haya kidogo, akaachia. Rehema alimpaka mtindo wa bibi zao, si maua wala mashada: aliichovya ncha ya kila kidole mpaka kwenye kiungo cha kwanza, vyote kumi, na ili ikolee akatia piko, ile rangi nyeusi. Alifanya kwa upendo na kwa ustadi. Hina ilipobanduliwa, vidole vilitoka vyeusi, vyenye wekundu wa ndani, kama vilivyochovywa kwenye usiku. Watu walisifu. Agnes alipiga picha.

Rehema, aliyeuliza kila kitu, hakuuliza. Hakuna aliyeuliza.

Idi pili, Kassimu alikuwa chini ya mwavuli wake karibu na kituo cha bajaji, amevaa kanzu mpya, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Faraji alikuwapo, ametangulia, anataka kumaliza aondoke. Alimsalimu Somoe kwa heshima. Akaweka kidole chake, mashine ikakubali mara moja. Somoe akaleta cha kwake.

Kassimu alikitazama kile kidole. Akavaa miwani, akakitazama tena.

"Mama. Nani kakufanyia hivi?"

"Nini?"

"Mashine hii inatazama kwa mwanga. Hapa itaona kiza tu."

Wakajaribu hata hivyo. Wakafuta kwa ndimu, wakafuta kwa mafuta, Kassimu akafuta kwa kitambaa alichofutia miwani yake. Kidole baada ya kidole, kioo kidogo kikawa chekundu. Rehema alisimama nyuma akiwa na mikono kichwani, akitamani ardhi imfunike na hina yake yote.

"Ngozi itaitoa yenyewe, mkivumilia," akasema Kassimu. "Kwenye kucha itakaa miezi, lakini kucha hazisomwi."

Faraji alikuna ndevu. "Mama Husna, mimi na wewe hatuna neno. Ila nyumbani kwangu hakulaliki. Niliahidi Idi, na Idi ndiyo hii. Wiki hii naifunga." Alisema huku akitazama pembeni, akapanda bodaboda.

Walirudi nyumbani. Uani, Rehema akaanza: "Shoga, mimi..."

"Usianze," akasema Somoe. "Nilikupa mikono mwenyewe."

Alikaa mbele ya beseni tupu muda mrefu. Kisha akainuka, akaufunga msasa wake, kijiti chake, mafuta na asetoni ndani ya kitambaa.

"Unakwenda wapi?"

"Msimbati, kesho. Kumwomba Faraji ni kazi bure. Mwenye laini ni Rukia."

Rehema asingelala iwapo angeachwa nyuma, na hakuachwa.

Nyumba ya Faraji ilikuwa upande wa minazi, ua wake umefagiliwa mpaka mchanga ukawa na alama za ufagio. Rukia aliwapokea mlangoni. Alikuwa mdogo kuliko alivyofikiriwa, mzuri, na uso uliokwisha kujiandaa kwa vita. Mkono wa kushoto ulitoka kuwasalimu. Wa kulia alikuwa ameuzungushia kanga.

"Karibuni. Faraji hayupo, kaenda kwenye boti."

"Tumekuja kwako wewe," akasema Somoe.

"Mimi sina shida na mtu. Laini ni ya mume wangu."

"Kweli. Huo mkono umefanya nini?"

"Haukuhusu."

"Haunihusu. Ila unanuka."

Rehema aliona uso wa Rukia ukikaza, kisha ukashindwa kukaza. Akaufunua. Alikuwa amenunua kucha za bandia kwa ajili ya Idi, na gundi iliyokuja nazo ilipokauka alizibandika kwa ile gundi kali ya mafundi viatu. Zilishika. Kisha, akikuna nazi, moja ilikunjuka na kuuinua ukucha wake wa kweli kutoka kwenye nyama. Kidole kilikuwa kimevimba, chenye usaha pembeni. Zile nyingine alijaribu kuzing'oa kwa meno.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Nilimwambia Faraji nimejibana."

"Lete maji ya moto, na chumvi. Kaa chini."

Hivyo ndivyo wanawake wale wawili walivyojikuta kwenye mkeka mmoja, mkono wa mmoja ndani ya mkono wa mwingine. Somoe alichana pamba, akailowesha asetoni, akazifunga zile kucha tisa moja moja kwa vipande vya nailoni, na ile ya kumi, iliyoumia, hakuigusa ila kwa maji ya chumvi. Hakuvuta kitu. Alingoja gundi ilegee yenyewe, akaisukuma kwa kijiti, akangoja tena. Kazi ile haikubali haraka, na mtu ambaye mikono yake yote imefungwa pamba hawezi kuinuka akakufukuza.

"Hiki kidole kesho ukipeleke zahanati," akasema Somoe. "Usaha huu si kazi yangu."

"Mmekuja kuomba nini?" Rukia akauliza hatimaye, kwa sauti iliyopungua.

"Siku chache. Hina itoke."

"Basi?"

"Basi. Jina likishakuwa langu hutanisikia tena."

Mawimbi yalisikika nyuma ya minazi. Rehema, mwenye maswali, alikuwa ameuma ulimi wake kwa ndani.

"Husna ni nani?" akauliza Rukia.

Mikono ya Somoe ikasimama.

"Nilikuwa nakupigia," akasema Rukia. "Faraji akienda kazini. Nikutukane. Nilikuwa nimeyapanga maneno, mabaya. Lakini kila nikipiga unapokea kabla haijaita vizuri, unasema, 'Husna?' Hivyo hivyo kila mara. Maneno yananikauka, nakata. Nikamwuliza Faraji Husna ni nani, akasema niache mambo ya watu."

Rehema alimtazama Somoe. Alizikumbuka simu zile zote za kimya, na jinsi mwenzake alivyotoka nje baada ya kila moja akiwa amenyooka kidogo, akisema mtandao, mtandao tu.

Somoe akaichukua tena pamba.

"Ni mwanangu," akasema. "Yuko Maskati. Nilidhani ni yeye."

Akaendelea kusukuma gundi, taratibu, kutoka pembeni kuja katikati. Rukia aligeuza uso kwenye minazi, machozi yakamdondoka kwenye kanga, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Rehema ndiye aliyeyafuta, kwa pindo la kanga yake mwenyewe, na hata leo hajui kwa nini alifanya vile.

Faraji hakuifunga laini. Kilichosemwa ndani ya nyumba ile Rehema hakukijua, nacho ni moja ya mambo machache ya mwaka ule asiyoyajua. Hina ilififia kwanza kwenye ncha, ikabaki kama kutu, ikaisha. Kila asubuhi walisimama mlangoni vichwa vimegusana. Somoe aliporudi kwa Kassimu, Faraji alikuja na Rukia mwenyewe, kidole kimoja kimefungwa bandeji safi. Gumba la kulia lilikataa. Cha shahada, kile walichokipigia kigelegele, kilikataa. Gumba la kushoto, ambalo hakuna aliyelitegemea, lilikubali.

"Karibu, mama," akasema Kassimu. "Sasa wewe ni wewe."

Husna alipiga mwezi wa Mfunguo Nne, asubuhi, Rehema akiwa anamenya ming'oko uani. Alisikia "Husna?" na akajikuta anahesabu pumzi, akingoja ule mkato. Haukuja. Kilichokuja ni kimya kingine, kirefu, chenye mtu ndani yake, na baadaye cheko dogo la Somoe ambalo hajawahi kulisikia kabla wala baada.

Halafu mambo yakaenda yalikokwenda. Rukia alimleta dada yake mjini kutengenezwa kucha, kisha shangazi, kisha bibi harusi mzima na wapambe wake. Kule kwao hakukuwa na mtu wa kazi ile. Wasichana walijibandika kwa gundi za viatu. Siku moja Somoe alisema anahama.

"Unahamia Msimbati?" Rehema alijipiga mapaja kwa mshangao. "Ukaishi jirani na mke mwenzio?"

"Si mke mwenzangu. Mimi nimeachwa."

"Na mimi nitabaki na nani?"

Somoe alimshika mkono, akaugeuza, akaukagua kwa mazoea. "Wewe acha kung'oa vigozi kwa meno," akasema. "Mengine yote yapo sawa."

Rehema alibaki na swali moja. Alitaka kujua kama Somoe, katika simu zile za kimya, hata mara moja, alihisi kwamba anayepumua upande wa pili si mwanawe. Alilileta mpaka mdomoni siku ya kubeba godoro, akalitazama, akalirudisha. Lipo mpaka leo.

Somoe anaishi Msimbati. Amepanga chumba kwa mama mmoja muuza pweza, ana wateja karibu kila siku, na Jumamosi moja kila mwezi huja mjini kununua asetoni na pamba.